Je, tuwasimulie watoto samaki wa zamani?



Huko Newfoundland, Kanada, watu walivua samaki aitwaye kodi, si kodi ya nyumba, kwa karibu miaka 500. Mwaka 1968 meli kubwa, nyingi za kutoka Ulaya, zilivua tani zipatazo 800,000. Baadaye samaki wakaisha hata serikali ikafunga uvuvi Julai 1992, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Waliambiwa ni miaka miwili tu. Sisi maneno hayo tunayajua. Marufuku iliondolewa mwaka 2024, kwa tani 18,000.

Mwaka 1995 mtaalamu Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi huona bahari iliyoikuta kuwa ndiyo ya kawaida. Hivyo hasara inapita bila mtu kuilia.

Watoto wetu waliozaliwa hapa kambini wanajua kikombe cha dagaa. Wazazi wengine husema tusiwasimulie ziwa la nyumbani, tutawaumiza bure. Tunawaelewa. Lakini tukinyamaza, watadhani kikombe ndicho kipimo cha ziwa. Na tukisimulia, tusimulie yote: hata sisi tulivua vifaranga kwa vyandarua, tukijua.

Juzi mtoto aliuliza samaki wa kule alikuwa na urefu gani. Mzee mmoja akaonyesha kuanzia vidole mpaka kiwiko. Akafikiri kidogo, akarudisha mkono nyuma.