Kati ya Kitanda na Kiti

Kijana wetu akifika Marekani akatamani kazi ya afya, jamaa humwonyesha njia moja: aanze kuhudumia wazee, asome LPN (uuguzi wa vitendo wenye leseni), kisha awe RN (muuguzi aliyesajiliwa). Njia hiyo imejenga nyumba vijijini na kulipa karo za wadogo zetu, nami naiheshimu. Lakini mpwa wangu anauliza kama asome LPN au usafi wa kinywa na meno, na jibu alilopewa na ukoo ni la hesabu tupu.

Hesabu yenyewe ina nguvu. LPN husomwa mwaka mmoja hivi, mtu akafanya mtihani wa leseni na kuanza kazi. Usafi wa meno, pamoja na masomo ya awali, huchukua kama miaka 3. Kwa takwimu za serikali za 2023, mshahara wa kati wa LPN ulikuwa karibu dola 60,000 kwa mwaka, na wa msafisha meno zaidi ya dola 87,000. Hata hivyo, mwenye mama anayesubiri pesa ya dawa hawezi kungoja miaka 3, na asilaumiwe.

Asiyebeba mzigo huo ajiulize: naweza kukaa na binadamu akiwa katika hali gani? LPN wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee husukuma kigari cha dawa chumba hadi chumba. Huponda kidonge kwa asiyeweza kumeza, hupima sukari, humgeuza asiyeweza kujigeuza na kumtazama visigino, kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Wengi wa wazee hao hawatapona. Uuguzi huo unataka mtu anayeweza kumpenda mgonjwa bila kudai nafuu.

Kwenye kiti cha meno, mtu huingia akitembea na kutoka akitembea. Msafisha meno hupima kwa milimita kina cha mfuko ulio kati ya jino na fizi, hukwangua ukoga uliogeuka jiwe, huchungulia chini ya ulimi kama kuna kidonda kisichopona. Watu wetu husema ni kusafisha meno tu, na hapo nawapinga kabisa. Mwaka 1906, huko Bridgeport, Connecticut, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa, akiamini kwamba maradhi mengi ya kinywa yanazuilika. Mwaka 1913 akafungua shule ya kazi hiyo, na wahitimu wake wakaenda kuhudumia watoto wa shule za mji huo. Tunda la kazi hii ni jino ambalo halikung'olewa, na ni nadra mtu kushukuru kwa maumivu ambayo hakuyapata. Anayeiweza kazi hiyo ana moyo mkubwa pia.

Binti huyu, mpwa wangu, namfahamu: hupenda kuona jambo limekamilika, na namwona kwenye kiti zaidi kuliko kitandani. Lakini nimemwomba asilipe ada bado. Afanye kwanza kazi ya kuhudumia wazee kwa miezi michache, halafu aombe kukaa katika kliniki ya meno akitazama. Akichagua meno, nitawapigia simu kaka zangu mimi mwenyewe, niwaeleze kwa nini pesa zake zitachelewa kufika nyumbani, na niwaombe tumchangie ada ya mwaka wa kwanza.