Hesabu ya Daktari na Tumaini la Mke



Mke asiyezaa huulizwa mengi na watu wasio na haki ya kuuliza. Naye akifika hospitali huuliza neno moja tu: "Nikitumia dawa hii, je, nitazaa?" Daktari humjibu kwa hesabu. Basi hesabu hiyo ni kitu gani? Ni hukumu, au ni ahadi?

Kwanza tuitazame dawa yenyewe. Wako wanawake ambao ovari zao hazipevushi yai kila mwezi, na dawa za homoni huziamsha. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wanawake 750 wenye ovari zilizojaa vifuko vidogo, waliotibiwa kwa mizunguko isiyozidi mitano. Katika kila mia waliopewa letrozoli, wapata 28 walizaa mtoto hai. Katika kila mia waliopewa klomifeni, wapata 19. Tena daktari huangalia umri wa mke, uzito wake, na akiba ya mayai yake. Na ikiwa mirija imeziba, au mbegu za mume ni dhaifu, kupevusha yai peke yake hakutoshi. Kwa hiyo mume naye apimwe, asimwachie mkewe aibu yote.

Neno letu ni hili: hesabu yasema habari za mia, wala haimjui mmoja. Hakuna awezaye kuwanyoshea kidole wale mia na kusema, huyu atazaa, yule hatazaa. Mkulima hajui kama mvua ya mwaka huu itatosha, lakini huuliza mbegu ipi yafaa, kisha hupanda. Kuuliza kwake si kukosa imani. Vivyo hivyo mume na mke wakiijua hesabu, wataweza kupatana ni fedha kiasi gani watatoa, na lini watapumzika.

Lakini mkwe aisikiaye hesabu hiyo na kumwambia mwanawe, "Mwache, oa mwingine," ameigeuza kuwa hukumu. Na mwalimu asemaye, "Omba kwa imani, hakika utazaa," ametoa ahadi asiyotumwa kuitoa. Mtoto asipopatikana, mwanamke hubeba mizigo miwili, utasa na lawama ya imani haba. Wote wawili wamejidai kujua lililo la Mungu peke yake. Hata kuhani Eli alimtazama Hana akiomba, akamdhania amelewa. Aliona midomo, hakuuona moyo.

Tena tuwakumbuke wale 72 katika mia, ambao hawakuzaa katika muda ule. Wa namna yao wamo katika sharika zetu, nasi twaketi nao kila Jumapili. Ndoa yao ni ndoa kamili, na ubatizo wao haukupungua neno. Tusiwaulize tena, "Bado?" Tuwaulize hali zao, kama tuwaulizavyo ndugu wengine.