Asiyejua, Naye Adhani Ajua

Katika mji wa Athene, nchi ya Ugiriki, aliishi mtu jina lake Socrates, mwana wa mchonga mawe. Hakuandika kitabu hata kimoja. Habari zake zajulikana hasa kwa maandiko ya Plato, mwanafunzi wake. Alikuwa mpagani, kwani Bwana wetu Yezu Kristu hakuwa amezaliwa bado.

Rafiki yake alikwenda Delphi, penye hekalu la mungu wao Apollo, akauliza kama yuko mtu mwenye hekima kumpita Socrates. Akajibiwa kwamba hayuko. Socrates alishangaa, maana alijiona hajui neno. Akawaendea wakubwa wa mji, akawaona wanena mengi na kujua machache. Mwishowe akawaendea mafundi. Hao walijua kazi yao kweli kweli. Lakini kwa sababu hiyo kila mmoja alidhani ajua pia mambo mengine yote yaliyo makubwa. Ndipo Socrates alipoelewa kwamba aliwapita kwa jambo moja tu: asilolijua hakudai kulijua. Wengi walimchukia kwa maswali yake, na mwaka 399 kabla ya Kristu akahukumiwa kunywa sumu.

Plato asimulia pia habari za kijana tajiri, Meno, aliyezoea kuhutubu juu ya wema. Alipoulizwa wema ni nini hasa, maneno yakamwishia. Basi Socrates akaomba aitwe mtumwa mmoja wa Meno, mtoto asiyepata kufundishwa hesabu, akamchorea mraba wa futi 2 kila upande, yaani futi 4 za mraba. Ukitakiwa mwingine mkubwa mara mbili, kila upande uwe na futi ngapi? Mtoto akajibu pasipo kusita: Nne! Wakahesabu, wakapata 16, si 8. Akasema: Tatu. Wakapata 9. Hapo mtoto akakiri kwamba hajui kabisa. Socrates akamwonyesha Meno kwamba mtoto huyo hakupata hasara. Mwanzo hakujua wala hakutafuta, maana alidhani ajua. Sasa hajui, lakini yu tayari kutafuta. Na kwa maswali mengine machache akapata: mstari utokao pembe hata pembe ya mraba wa kwanza ndio upande wa mraba wa futi 8. Mwenye shamba aweza kujaribu kwa kamba na vijiti.

Ujinga wa kudhani unajua haukwisha kwa kuja shule na redio. Pengine umepata nguvu, maana siku hizi simu hujibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini, mwezi wa Agosti 2018, wengi walisema wajua kwamba ugonjwa huo ni uongo wa wakubwa. Hawakuwa wapumbavu: katika nchi ya Beni watu waliuawa kwa wingi tangu mwaka 2014, na msaada hawakuuona, ulipofika msaada wa ugonjwa, wakaushuku. Lakini kushuku si kujua. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, daktari mmoja akauawa Butembo mwaka 2019, na ugonjwa ulipokwisha, mwezi wa Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa, huko na katika Ituri.

Hata penye mafundisho ya dini ujinga huo waingia. Mkatekumeni husema majibu yote ya katekisimu kwa moyo, neno kwa neno, naye aona haya kuuliza maana ya neema. Katekista naye pengine aona haya kusema: Ngojeni, nitamwuliza padri.

Matendo ya Mitume yasimulia habari za mkubwa mmoja wa Ethiopia, mtunza hazina ya malkia, aliyekuwa akirudi toka Yeruzalemu, ameketi garini mwake akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo akamwendea mbio kwa miguu, akamwuliza kama aelewa ayasomayo. Mtu huyo alikuwa na cheo, na mali, na kitabu mkononi. Hata hivyo alikiri kwamba hawezi kuelewa asipoongozwa na mtu, akamsihi Filipo apande aketi pamoja naye. Wakaendelea na safari, Filipo akimweleza. Walipofika penye maji, wote wawili walishuka, na mkubwa yule akabatizwa.