Ukisema Kibaya, Ongeza "Kwa Sababu"

Wajukuu zangu wa Singida Mjini, nyinyi mnaoshinda stendi ya Misuna, mnaouza kuku na vitunguu, mlio madarasani na mliomaliza shule mkawa bado mnahangaikia kazi: nina neno nanyi.

Nawasikia mnavyozungumza. Siku hizi kitu msichokitaka mnakitafutia Kiingereza. Shati la fundi wa mtaani ni lokali. Baiskeli iliyochoka ni skrepa. Simu ni feki. Aliyeanguka mtihani ni ziro, na aliyekosa kazi ni lusa. Sina ugomvi na Kiingereza. Kiswahili kimekula maneno ya Waarabu, Wareno, Wajerumani na Waingereza, na tumbo halijakiuma. Ninachowaonya ni wepesi wa maneno haya mdomoni. Ukimwita mtu mjinga, aliyekaa karibu atashtuka na kukuuliza amekukosea nini. Ukimwita ziro, baraza zima linacheka na kuendelea na chai. Tusi limepita na hakuna aliyeliomba kitambulisho.

Chukueni hilo lokali. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, Waingereza waliweka sheria ya kututawala kupitia watemi na wakubwa wengine wa kienyeji, nayo wakaiita Native Authority Ordinance. Mwaka 1929 ikafuata sheria ya mahakama za hao "native". Mahakama hizo zilikuwa za Mwafrika peke yake, na wakili hakuruhusiwa kuingia kumtetea mtu. Neno "native" nalo, mwaka 1951 likabadilishwa: zikawa Local Courts. Kibao kipya, mlango uleule: Mwafrika peke yake, wakili nje. Mpaka uhuru ulipokuja, ndipo sheria ya mwaka 1963 ilipoleta mfumo mmoja wa mahakama kwa watu wote. Babu zenu hawakulichagua jina hilo la kutengwa; walibandikwa. Nyinyi mmeliokota wenyewe, na sasa mnamtupia mama anayezungumza Kinyaturu sokoni.

Na mnajichanganya. Kuku wa kienyeji wa Singida anasafirishwa hadi Dar es Salaam, na mlaji wa kule humlipia zaidi ya broila. Hapo hamsemi lokali. Lakini mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapahapa, ambayo abiria wa Mwanza hushuka basi kuyanunua kwa madumu, kijana wetu anayapita akanunue ya mawese yaliyovuka bahari, kwa kuwa chupa yake inang'aa. Haya, huenda ana hoja. Mafuta yasiyochujwa vizuri huwa na mashapo, na huwahi kuharibika. Basi aseme hivyo! Anayesema "yana mashapo" amempa mkamuaji kazi ya kufanya: achuje zaidi, aache yatulie, atafute mashine bora. Anayesema "lokali" hajampa kitu, amemdhalilisha tu na kuondoka.

La ziro ndilo linaloniuma zaidi, maana linampiga mtoto. Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012 yalitangazwa Februari 2013, na watahiniwa zaidi ya 240,000, karibu sita katika kila kumi, wakawa na daraja 0. Nchi nzima ilipiga kelele. Waziri Mkuu akaunda tume. Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Yalipotoka tena, wapo waliokuwa wametoka kwenye ziro bila kushika kalamu mara ya pili. Majibu yao yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni namna ya kuyapanga. Sasa niambieni: yule aliyeitwa ziro mtaani miezi mitatu, nani alikwenda kumwomba radhi? Sitetei uvivu. Kufeli kupo na kuna adhabu yake. Lakini daraja 0 ni la karatasi ya siku ile, na mwenye karatasi anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au akaenda VETA akajifunza ufundi. Mkishambandika yeye mwenyewe sifuri, mmemfungia milango ambayo mtihani haukuifunga.

Msidhani nataka mseme kila kitu ni kizuri. Feki, kwa mfano, ni neno la haki likitumika mahali pake. Mbegu feki ya alizeti humlia mkulima msimu mzima, na hana wa kumdai. Ukiiona, paza sauti. Lakini hapo mna ushahidi: haikuota, au pakiti haina lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Skrepa nayo ni biashara halali, ina mizani na wanunuzi. Ila kuna anayetazama alama ya barabarani imesimama kazini, akaiita skrepa, na usiku akaing'oa. Wizi ule ulianzia mdomoni: alishaitangaza kuwa taka kabla hajaigusa. Na wanaokosa onyo la kona ni ndugu zake walio ndani ya basi.

Kwa hiyo nawausia jambo moja. Kila mnapotamka neno la kukataa kitu, la Kiingereza au la kwetu, ongezeni "kwa sababu". Feki, kwa sababu haikuota. Shati baya, kwa sababu mshono unafumuka. Sababu ikipatikana, semeni bila woga, maana hata fundi atawashukuru. Ikikosekana, mezeni neno hilo. Na linapomhusu binadamu, pimeni mara mbili, maana wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Na nyinyi wauzaji, mteja akija akafinya uso na kuita bidhaa yenu lokali, msigombane naye. Mwulizeni kwa sababu gani. Akiwa nayo, msikilizeni na mrekebishe. Akikosa, mwuzieni kwa bei ileile.