Zimwi la Tope

Dadu yetu ilikuwa kopo la Blue Band. Dadu yenye pande 20, ile ya michezo ya kuigiza mezani, sijaiona duka lolote la Babati, na hela ya kuiagiza sikuwa nayo. Tukakunja vikaratasi 20 vyenye namba tukavitia koponi. Anayetaka mhusika wake apige, akimbie au adanganye, anachomoa kimoja. Namba kubwa, amefanikiwa. Ndogo, imekula kwake.

Tulikuwa watano, barazani kwetu Mutuka, msimu wa kupukuchua mbaazi wa 2024. Mimi nilikuwa msimulizi, yaani yule anayewatungia wenzake nchi ya hadithi na maadui wa kupambana nao. Mimi pia ndiye niliyeharibu, kwa hiyo kisa hiki nampa yeyote anayetunga michezo ya namna hii.

Mchezo wenyewe ulitokana na Dungeons & Dragons, uliotolewa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974. Tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni zake za msingi iko wazi kwa kila mtu: unazichukua, unazibadili, hata unauza ulichotunga, mradi utaje zilikotoka. Ndivyo zilivyofika kwenye simu yangu. Humo mna mazimwi manne: la moto, la maji, la upepo na la udongo. Mgawanyo huo asili yake ni Ugiriki ya kale, kwa Empedocles, lakini Mswahili hahitaji kwenda mbali kiasi hicho. Aliyewahi kusoma utabiri wa Sheikh Yahya Hussein anajua nyota yake ni ya moto, ya maji, ya upepo au ya udongo.

Kanuni moja ya mazimwi hayo naipenda mpaka leo. Mchawi akiliita zimwi, lazima akili yake yote ibaki kwalo. Ikihama kidogo tu, zimwi haliondoki, linamgeukia aliyeliita. Niliisoma mara nyingi, na sikudhani kuwa inanihusu.

Zimwi la maji nililitoa Ziwa Babati. Ziwa hili halina mto wa kudumu unaolipunguza, mvua zikizidi linapanda hadi mjini, kama mwaka 1990. Kwa hiyo zimwi langu halikupiga mtu. Lilipanda tu, kila zamu kidole kimoja, na wachezaji wakahangaika kuokoa mbuzi na magunia badala ya kuchomoa panga. Bibi yangu alikuwa anatusikiliza huku akipepeta. Akasema Wairaqw wana netlangw, pepo wakaao chemchemini na mitoni. "Mjukuu wangu, hao hawapigiwi kelele." Nikaandika: zimwi la maji humfuata anayepiga kelele. Usiku ule watu wazima walicheza kwa kunong'ona hadi saa tano. La upepo nalo likawa kisulisuli cha vumbi, hakikunisumbua. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Lakini la udongo nililitaka kubwa, nikalifuata Hanang.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na miti vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Mwanzoni ulivuma uvumi kwamba ni volkano. Serikali ikaeleza kwamba hakuna mlipuko, ni mwamba laini uliokuwa umenyonya maji ya mvua ukashindwa kujishikilia. Kama mtungaji maelezo hayo yalinifurahisha, na nitumie neno hilo hilo, yalinifurahisha. Si moto, si maji, si udongo peke yake. Ni mchanganyiko, na ni mbaya kuliko kila kimoja. Nikaandika kadi: Zimwi la Tope. Uhai 230. Hupiga kwa gogo, hupiga kwa jiwe. Anayechomoa chini ya 14 humezwa. Na kwa kuwa mchezo unataka zawadi, tumboni mwake nikaweka dhahabu.

Mmoja wetu alikuwa fundi pikipiki, mcheshi kuliko wote. Niliposema mlima umenguruma, alinyamaza. Zamu yake ilipofika hakugusa kopo, mwenzake akamchomolea. Tukalipunguza lile zimwi, 200, 120, 40, mpaka likalala. Nami nikasema kwa sauti yangu ya usimulizi: "Sasa chimbeni, tuone mtapata nini."

Fundi akaweka ungo chini. "Kaka, mimi naenda."

Kesho yake nilimfuata kibandani kwake. Hakuwa na hasira. Aliniambia kwamba alikuwa miongoni mwa waliokwenda Katesh kusaidia.

"Tulichimba siku tatu. Unajua tulikuwa tunapata nini?"

Nilijua.

"Na hiyo mia mbili na thelathini uliitoa wapi?"

"Nilikadiria tu."

"Yaani likipigwa linapungua?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akarudi kwenye spana zake.

Nimejiuliza sana kama kosa ni kucheza na msiba. Sidhani. Sisi tuna watani, na mtani hufika msibani akamwigiza marehemu hadi wafiwa wacheke. Lakini utani ni haki ya watu fulani, wanaojulikana. Mfiwa anajua nani atamtania, na anamtarajia. Mimi sikuwa mtani wa mtu yeyote Hanang. Nilichukua tope la watu, nikalipa namba, nikaweka zawadi ndani, wala sikuuliza waliokaa barazani kwangu kama kuna aliyelishika. Akili yangu ilikuwa kwenye kadi, si kwao.

Wachezaji wa nchi nyingine wana kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Inakaa katikati ya meza. Mtu akiigusa, jambo lililokuwa linasimuliwa linarukwa, na hadaiwi maelezo. Nilikuwa nimesoma habari zake nikaziona ni mambo ya watu laini. Yangu nimeikata kwenye boksi la sabuni. Nawe unayetunga mazimwi, kata yako kabla hujaandika jina la mlima, na waulize wenzako kabla hujaandika idadi ya uhai.

Fundi hajarudi. Tunacheza wanne.