Kabla hamjajifunza kupiga

Wapwa zangu, nimeambiwa mnataka karate, na tayari mmekusanya matofali ya kuvunja. Matofali hayo mpelekeeni fundi, choo cha bibi yenu hakijaisha.

Mtindo ninaoujua mimi ni Goju-ryu wa Okinawa, visiwa vilivyo kusini mwa Japani ambavyo zamani vilikuwa ufalme, Ryukyu, mpaka Wajapani walipoufuta mwaka 1879. Chimbuko lake ni Higaonna Kanryo, aliyezaliwa mwaka 1853. Kwao walikuwa wakisafirisha kuni kwa mashua na kuziuza katika mji wa Naha. Nyinyi mnaopanga magunia ya mkaa hapa Mikese kandokando ya barabara, msidhani elimu hii ilianzia kwa watoto wa matajiri. Alivuka bahari akaenda Fuzhou, China, akakaa huko miaka akijifunza, kisha akarudi kufundisha. Mwanafunzi wake Miyagi Chojun, ambaye kwao hawakuwa maskini, ndiye aliyeupa mtindo jina. Mwaka 1930 Shinzato, mwanafunzi wa Miyagi, alionyesha kata, yaani mfululizo wa mienendo uliopangwa, mbele ya watu Tokyo, akaulizwa shule yake inaitwaje. Akababaika. Ndipo Miyagi akatafuta jina, akachagua lenye ugumu na ulaini pamoja.

Ugumu najua mnautaka. Hata sisi tuliutaka. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alifungua dojo, ukumbi wa mazoezi, pale Zanaki, Dar es Salaam, na vijana wa wakati ule tulikuwa tumelewa sinema za Bruce Lee. Tulifika tukitaka kuruka. Tukafundishwa kusimama.

Kusimama kwenyewe ni Sanchin. Miguu inashika ardhi, magoti yamelegea kidogo, viwiko karibu na mbavu, pumzi inashuka mpaka chini ya kitovu na kutoka taratibu. Mwalimu anakuzunguka akikugonga mabega na mapaja kwa kiganja, aone kama umelegea mahali. Inasimuliwa kwamba Higaonna alimshikilia mwanafunzi kwenye kata hiyo moja kwa miaka kabla ya kumpa nyingine. Miyagi naye akatunga Tensho, mikono wazi, inazunguka kama inayopapasa, na mwaka 1940 akatunga Gekisai kwa ajili ya wanaoanza. Hiyo ndiyo mtakayoipenda, ina ngumi na mateke. Lakini mkiniuliza mimi, Tensho ndiyo ngumu kuliko zote, maana mwenye nguvu hapendi kulegeza kiganja.

Sasa lile lililowaleta kwangu. Msidhani sijui. Jirani amesogeza mpaka wa shamba, nanyi mnataka mkono wa kumnyooshea. Miyagi aliwausia wanafunzi wake wasimpige mtu, wasipigwe na mtu, na msingi wa yote uwe kwamba shari isitokee. Wengi husikia la kwanza wakadhani ni woga. La pili je? Asiyepigika amefanya mazoezi kweli kweli, na jirani mwenyewe huliona hilo kwa jinsi mnavyosimama. La tatu ndilo lenye kazi, kwa sababu linaanza siku nyingi kabla ya ugomvi, kwenye salamu, kwenye msiba wa mwenzio, kwenye kukubali kusikia maneno machungu bila kupandisha pumzi. Tena nguvu za mikono zina kikomo chake: Shinzato yule yule, hodari kuliko wenzake, aliuawa vita ilipofika Okinawa mwaka 1945.

Shamba lile ni la ukoo wa mama zenu, na mila ya Kiluguru mnaijua: neno la ardhi hiyo nitalisema mimi mjomba, mbele ya baraza la ardhi la kijiji, nikiwa na wazee waliopanda ile miembe ya mpakani. Nyinyi mtakaa nyuma yangu, midomo imefungwa, hata mkitukanwa. Atakayeinuka hapo asije kwangu kujifunza. Wengine tutaanza alfajiri ya kesho yake, pekupeku, bila simu.