Siku Tatu za Muhogo

Mjukuu wangu, jana jioni nilikukuta umeinamia pipa nyuma ya jiko, unatoa muhogo uliokuwa na siku moja tu majini. Ukaniambia, "Bibi, mteja wa Mbagala anautaka unga Jumamosi, na jua hili la Lugoba litakausha makopa siku mbili tu." Sikukujibu pale. Wenzako walikuwa wamesimama na magunia, na kijana aliyeanza kujitafutia riziki hakemewi mbele za watu. Lakini usiku usingizi ulinipaa. Leo kaa hapa jamvini, waite na hao unaoshirikiana nao, niwaambie ninachokijua kuhusu siku mnazotaka kuzipunguza.

Mama yangu hakujua kuandika hata jina lake. Muhogo mchungu aliumenya, akauloweka siku tatu, akauanika, akautwanga, akauchekecha, ndipo akasonga bada. Nilipomwuliza kwa nini siku tatu, alisema maji hayajamaliza kazi yake. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilikuja kuyaelewa nikiwa mwalimu, chaki mkononi, nawafundisha watoto wa watu kemia ya viumbe hai, na nikajuta kwamba mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, maana nilitamani kwenda kumwambia: umesema kweli, na kazi yenyewe ni hii.

Anzeni na kile kinachowapa fedha. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga ni glukosi iliyoshikana na glukosi nyingine, tena na nyingine, mnyororo wa mamia na maelfu. Ndani yake mna kaboni, haidrojeni na oksijeni, basi. Kaboni mmea umeivuta hewani, maji umeyanyonya ardhini, nguvu ya kuviunganisha umeipata juani. Chukua kipande cha muhogo wa kuchemsha, utafune taratibu bila kumeza. Baada ya muda utamu unakuja, ambao haukuwepo ulipoanza. Mate yako yana kimeng'enya kinachoukata ule mnyororo vipande vipande, na ulimi unaanza kuonja sukari. Kimeng'enya chenyewe ni protini, imekunjwa kwa umbo lake maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi. Likiharibika umbo, kazi imekwisha. Hili la umbo msilisahau, nitalirudia.

Sasa, muhogo hauna miguu. Nguruwe pori akija usiku, panya akija, ngedere akija, hauwezi kukimbia. Kwa hiyo umejitengenezea silaha, na silaha yenyewe umeitengeneza kwa malighafi ya chakula. Unachukua valini, ambayo ni moja ya asidi amino, yale matofali yanayojenga protini, unaigeuza hatua kwa hatua, kisha unaibandika kwenye glukosi. Kinachopatikana kinaitwa linamarini. Upande mmoja wa molekuli hiyo ni sukari, upande wa pili imejificha sianidi: atomu moja ya kaboni na moja ya naitrojeni zilizoshikana kwa nguvu sana. Kaboni hiyohiyo iliyo kwenye bada na naitrojeni hiyohiyo iliyo kwenye samaki. Kinachotofautisha chakula na sumu hapa ni namna atomu zilivyopangwa.

Linamarini ikiachwa peke yake imetulia. Muhogo umeihifadhi katika kifuko cha maji ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja, linamaresi, umekiweka nje kwenye ukuta wa seli. Ni kama mtu mwangalifu anayeweka mafuta ya taa uani na kiberiti chumbani. Nguruwe aking'ata, kuta zinapasuka, vile viwili vinakutana. Sukari inaachia. Mabaki yanagawanyika: asetoni, hiyo wasichana wanayofutia rangi ya kucha, na gesi ya sianidi. Nguruwe anaonja uchungu, anaondoka.

Mchi wa mama yangu ulifanya kazi ya meno ya nguruwe. Ndiyo maana kisamvu kinatwangwa kwanza, tena kinatwangwa kisawasawa, kwa kuwa majani yana sumu nyingi kuliko mizizi. Halafu kinachemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi. Gesi ile inachemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Fikirini vizuri: nyuzi 26! Lugoba saa tatu asubuhi jua limeshazipita. Sumu ikishafunguliwa kutoka kwenye sukari yake haihitaji hata moto, hewa yetu hii inatosha kuifukuza. Shida yote iko kwenye kuifungua.

Kuifungua kunataka vitu viwili, maji na muda. Muhogo ukilowekwa, bakteria wa uchachu wanaulainisha, kuta za seli zinalegea, linamarini inatoka ilikofungiwa na kukutana na kimeng'enya. Utaniuliza muhogo uliong'olewa na kumenywa unafanyaje kazi, nao umekufa. Wataalamu nao walibishana kuhusu jambo la namna hii. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua maji yake, na maji yale, yasiyo na seli hata moja iliyo hai, yakaendelea kuchachusha sukari. Kimeng'enya hakingoji mwenye nyumba awe hai. Kinachotaka ni kisiharibiwe umbo, na kisikaushwe.

Jua mnalolisifia linaharibu hapo. Kipande kikikauka haraka, maji yanaisha kabla kimeng'enya hakijamaliza, na linamarini inabaki humo, kavu, nyeupe, safi machoni. Mnaisaga mashineni, mnaitia kwenye mfuko. Moto nao ni hivyohivyo. Nikiwa na miaka kumi hivi, mwaka wa njaa, mimi na mdogo wangu tuling'oa muhogo mchungu wa akiba na kuuchemsha upesi mama akiwa kisimani. Tuliona kila kitu kikichemka kinakuwa salama. Tulitapika hadi jioni, kichwa kinagonga, mdogo wangu hawezi kusimama. Moto ulikuwa umekiharibu kimeng'enya, na linamarini haiogopi maji ya moto. Tulimuua fundi, tukaiacha kazi. Mdogo wangu alipona, alhamdulillahi. Kutoka siku hiyo sijawahi kuuona muhogo mchungu kama chakula cha haraka.

Wapo ambao hawakupona. Mwaka 1985, Tarime kule mkoani Mara, ukame ulikausha mazao na ukabaki muhogo mchungu, kwa kuwa wenyewe unavumilia. Watu walikuwa na njaa, wakafupisha siku za kuuandaa. Watafiti waliandika wagonjwa 39, wengi wao watoto na wanawake vijana, ambao miguu yao yote miwili ilikakamaa ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina linatoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Hauui kwa kawaida, lakini miguu hairudi ilivyokuwa. Mtoto anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, hadi uzee wake. Miaka minne kabla yake, Nampula kaskazini mwa Msumbiji, ukame na muhogo mchungu viliwapata watu zaidi ya elfu moja kwa namna hiyohiyo.

Lakini habari ninayotaka muisikie kuliko zote ni ya Bandundu, Kongo. Pale haikuwa njaa. Wanawake wa vijiji vile walikuwa wakiloweka muhogo siku tatu, kama mama yangu. Kisha barabara ya lami ikafika, malori yakaanza kubeba muhogo kwenda Kinshasa, wanunuzi wakawa na haraka, na siku tatu zikawa mbili, zikawa moja. Konzo ikaja pamoja na soko. Watafiti walipochunguza waliihusisha na kupunguzwa kwa siku hizo. Barabara yetu hii ya Segera mnaiona, malori ya kokoto na mabasi ya Tanga na Arusha yanapita usiku na mchana. Mume wangu, mimi naitaka biashara yako. Naitaka sana. Nimekaa kijiji hiki naona vijana wanaondoka kwenda kuzibua mifereji Dar, na wewe umebaki ukasema utauza kitu kinachoota kwetu. Ndiyo maana sikulala.

Nanyi mtasema hapa kwetu hatujaona konzo. Kweli. Sababu moja ni kwamba wengi wamepanda mbegu tamu, Kiroba na nyinginezo, ambazo sumu yake ni ndogo, ingawa ukame ukizidi hata muhogo mtamu huongeza ukali. Sababu nyingine iko kwenye sahani, nayo ni kemia nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha.

Sianidi ikiingia mwilini inakwenda kukaa kwenye mitokondria, mahali pa mwisho ambapo oksijeni unayovuta inatumiwa kutoa nguvu. Inashika madini ya chuma ya kimeng'enya cha pale, na kazi inasimama. Damu imejaa oksijeni, seli haiwezi kuitumia. Mwili wako una ulinzi: kwenye ini kuna kimeng'enya kingine kinachochukua salfa na kuibandika kwenye sianidi. Inapatikana thiosianati, ambayo figo zinaitoa kwenye mkojo, na madhara yake ni madogo sana, ila ikizidi inazuia madini joto yasifike kwenye tezi ya shingo, na mtu aliyekosa chumvi yenye madini hayo hupata rovu. Hiyo salfa inatoka wapi? Sio ile ya kupuliza mikorosho, hata kama elementi ni moja; hiyo usiiguse kwa mdomo. Inatoka kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini. Na hizo ziko kwenye samaki, mayai, maziwa, nyama, na kwa kiasi kwenye kunde na maharage. Kwenye bada hazipo za kutosha.

Kwa hiyo bibi zako waliokula bada na ng'onda kutoka Bagamoyo, au maziwa ya wafugaji, au kunde za shambani, walikuwa wanabeba salfa ya kupambana na sumu ileile iliyobaki sahanini. Waliopatwa Tarime na Nampula walikuwa wanakula muhogo kwa muhogo, siku baada ya siku, hawana cha kuushushia. Mteja wako wa Mbagala naye hujui anaula na nini. Hujui kama mtoto wake anapata dagaa. Unga wako utakwenda kwenye nyumba usiyoijua, na kitu pekee unachokishika mwenyewe ni siku za pipa.

Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani yameweka kikomo: miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga. Muhogo mchungu ukitoka shambani unaweza kuwa na mamia kwa kilo. Kutoka mamia hadi kumi, hesabu hiyo haifanywi na mashine ya kusaga.

Na ule unga mlioutengeneza wiki iliyopita, uliokaushwa haraka, msiuuze hivyo, wala msiutupe. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alionyesha njia ambayo wanawake wa Msumbiji na Kongo wanaitumia. Tia unga kwenye ndoo, weka alama ulipofikia, ongeza maji huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja. Uuache kwa muda wa saa mbili juani, au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala ndani ya unga mkavu kinaamka kikipata maji, kinamaliza kazi, gesi inaondoka. Sumu inashuka hadi theluthi, wakati mwingine hadi sehemu moja ya sita ya ilivyokuwa. Unga huo upikwe siku hiyohiyo, kwa hiyo huo ni wetu wa nyumbani, tutaula sisi, na nimeshaagiza samaki.

Mteja mpigie simu leo. Mwambie Jumanne. Mimi nitazungumza naye ukitaka, ananijua, mama yake nilimfundisha.

Vipande ulivyotoa jana nimevirudisha pipani alfajiri, na maji nimeyaongeza. Leo ni siku ya pili. Kesho usiku utasikia harufu ya uchachu hadi uani, usiifukuze. Keshokutwa tutakwenda pamoja, utabonyeza kipande kwa kidole gumba. Kikibonyea chenyewe kama ndizi iliyoiva, kitoe.